Wimbo wa Nguzo na Friji ya Khalfan

Vijana mnaonipigia simu kuniuliza spika gani mnunue, leo spika hazimo. Nakuandikieni habari ya wimbo mmoja wa mapenzi ambao nimeunakili kwa mkono wangu mara nyingi kuliko kitu chochote maishani, na ambao mwaka huu, nami nimeshastaafu, ulikaribia kumwaibisha rafiki yangu mbele ya mkewe, watoto wake na wajukuu tisa.

Mimi naitwa Nasor. Nilifanya kazi ya sauti miaka thelathini na miwili. Nusu ya kwanza nilikuwa dukani Ibra, hapa Oman, nikinakili kaseti na kutengeneza redio. Nusu ya pili nilifunga spika na maikrofoni katika harusi na sherehe, kutoka Nizwa mpaka Sur. Kazi sikuisomea skuli. Nilisoma vile vijitabu vya maelezo vinavyokuja ndani ya maboksi ya mashine, ambavyo watu huvitupa pamoja na plastiki. Vya Kiingereza nilivisoma na kamusi pembeni. Vya Kijapani nilitazama picha.

Wimbo wenyewe ni wa kantri, wa Kimarekani, wa zamani. Jina lake silitaji kwa sababu huku hapana aliyeliita kwa jina. Ibra wakiuita "ule wa mwisho", Sur "ule wa mbio", na Al Mintirib "ule wa ngamia", na sababu zake nitazieleza. Mkulima anatengeneza uzio wa shamba lake. Kila nguzo anayoisimamisha inamkumbusha jambo moja la mkewe: anavyofunga kitambaa kichwani, anavyopuliza chai, anavyokasirika akiwa ameshika kijiko. Anasema, nikiimaliza nguzo ya mwisho nitaingia ndani nikuombe tucheze jikoni. Halafu wimbo unakwisha, na nguzo bado.

Basi ndio huo. Sasa sikilizeni ulivyoingia Ibra.

Mwenye duka alikuwa Mzee Seif, mtu wa Ng'ambo, Unguja, aliyekuja Oman na masikio mawili na bisibisi moja. Masikio yake yalikuwa makali mno. Aliweza kusimama mlangoni, ukapita na gari, akakwambia kaseti yako imepinda upande wa kushoto. Siku hizo jamaa zetu wengi walikuwa bado Unguja na Pemba, simu ilikuwa tabu, na barua si kila mtu aliipenda. Kwa hivyo watu walituma sauti. Mtu anakuja dukani, anakaa katika chumba cha nyuma tulichokitandika mazulia ukutani, anazungumza na mama yake dakika ishirini, anaondoka na kaseti, anampa msafiri.

Mzee Seif alikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa hii: kaseti haimaliziki kimya. Mtu akizungumza dakika ishirini na saba na upande mmoja ni dakika thelathini, zile tatu zilizobaki zijazwe muziki.

"Kwani kimya kina kosa gani?" nilimuuliza wiki ya kwanza.

"Keti nikwambie," akasema. "Kuna mtu wa hapa hapa Ibra alimtumia dada yake Wete kaseti. Katikati ya maneno akasema, 'Subiri kidogo, nasikia kizunguzungu.' Akatoka kwenda kunywa maji. Huko nje akakutana na mtu, wakazungumza, akasahau. Kaseti ikaendelea kuzunguka kimya mpaka mwisho. Unajua Wete walifanya nini?"

"Usiniambie!"

"Walipika. Watu wamekaa matanga siku mbili, wanamsomea. Siku ya tatu ikaja kaseti ya pili: 'Dada, mbona hamnijibu?' Mama yake akazimia. Tangu siku hiyo, ya akhi, kaseti yangu haimaliziki kimya."

Sasa, kujaza si kubahatisha. Nyinyi leo mnabonyeza, mashine inakuonyesheni sekunde zilizobaki. Sisi tulipima. Unaweka rula juu ya kidirisha cha kaseti, unapima unene wa utepe uliobaki, unatazama jedwali. Jedwali nililichora mwenyewe. Lilinichukua miezi minne na kaseti kumi na moja. Kisha unatafuta wimbo unaoingia katika nafasi hiyo bila kukatika, kwa sababu wimbo ukikatika katikati ni vibaya kuliko kimya; msikilizaji anadhani umeme umekwenda. Tulikuwa na taarab, lakini taarab yetu haina adabu ya muda. Wimbo mmoja unataka dakika kumi na saba, na katika hizo nane ni fidla. Huwezi kumweka bibi huyo katika chumba cha dakika tatu.

Wimbo wa nguzo ulikuwa dakika tatu na sekunde ishirini na mbili. Ulikuja ndani ya kaseti ya majaribio, katika boksi la mashine. Hatukuununua, hatukuuchagua. Ulitosha, basi. Mimi nikauweka mwisho wa barua, mwisho wa taarab, mwisho wa ngoma za harusi, mwisho wa hotuba ya mtu aliyekuwa akifundisha kufuga nyuki. Kwa miaka kumi na mitano, mtu wa mkoa wetu wa Sharqiyah akisikiliza kaseti yoyote mpaka mwisho, anamkuta mkulima yule anasubiri na nguzo zake.

Ndiyo sababu Ibra wakauita "ule wa mwisho".

Habari ya Sur ni kosa langu, na nakuelezeni ili msilirudie. Mashine yetu ya kuchezea kaseti inayonakiliwa ilianza kwenda pole pole, nikaifungua, nikakaza kiskurubu cha mota kwa kusikiliza tu. Nilijiona nimeshakuwa Mzee Seif. Nikaikaza mno. Mashine ya kuchezea ikienda mbio, nakala inatoka mbio. Siku hiyo nilikuwa na kaseti themanini za mfanyabiashara wa Sur. Zikaenda zote, na mwisho wa kila moja mkulima anaimba kwa sauti ya mtoto wa skuli anayekimbilia basi, anasimamisha nguzo kama anafukuzwa.

Nilipogundua nilikosa usingizi. Nikatengeneza themanini nyingine, sahihi, nikampelekea yule mfanyabiashara, nikamwomba radhi. Baada ya wiki mbili akanirudishia.

"Hizi za mgonjwa," akasema.

"Hizi ndizo sahihi, wallahi. Zile za mwanzo zilikuwa na kosa."

"Nasor, watu wameshazoea. Harusi tatu wamepigia makofi. Hii yako mpya unaisikiliza, unamwonea huruma mtu. Tupe ile ya mzima."

Mpaka leo, nikiwa Sur katika sherehe, wazee wakiuomba "ule wa mbio" nauongeza kasi makusudi, sehemu kumi na mbili kwa mia, na moyo wangu unauma. Nyinyi fanyeni hivi: msiliamini sikio lenu. Chukueni saa. Wimbo wa dakika tatu na sekunde ishirini na mbili uchukue dakika tatu na sekunde ishirini na mbili.

Al Mintirib nilikwenda kufunga spika katika kambi moja ya watalii, ukingoni mwa mchanga. Mwenye kambi, Bedui mtu mzima, aliniambia wimbo ule anaupenda kwa sababu ni habari ya ngamia aliyepotea. Nikamwambia kwa adabu kwamba ndani hamna ngamia, nimeutafsiri neno kwa neno, ninalo daftari. Akanitazama kama ninavyomtazama mtu anayepuliza maikrofoni kuijaribu.

"Mtu anatengeneza uzio," akasema.

"Naam."

"Na moyo wake umevunjika."

"Tuseme hivyo."

"Basi kilichotoka ni nini?"

Nikarudi kwenye spika zangu. Na Nizwa, katika soko la mbuzi la Ijumaa, yupo dalali ambaye simu yake inalia kwa wimbo huo. Nilimuuliza anaupendea nini. Akasema marehemu baba yake alikuwa na kaseti ya mashairi katika gari, na kila safari ya Nizwa wimbo huu ukianza, ilikuwa ndiyo dalili kwamba wamefika. Akiusikia, anasikia njaa.

Mimi ni mtu wa kuchunguza. Nilipostaafu nilikaa nikaandika katika daftari: kwa nini wimbo huu haufi, na nyimbo nzuri kuliko huu zimekufa? Sababu ya kwanza nimeshaisema, ni urefu. Ya pili, yule mwimbaji anatamka. Anasema neno, analimaliza, anapumua, anasema jingine. Mtu aliyesoma Kiingereza miaka miwili anamfuata. Ya tatu ilinichukua muda kuiona. Katika wimbo mzima, mtu yule hasemi hata mara moja kwamba anampenda mkewe. Anataja nguzo, nyundo na misumari. Wazee wetu nao hivyo hivyo. Baba yangu hakumwambia mama neno hilo masikio yangu yakisikia, lakini kila Alkhamisi alimtilia mafuta bawaba za mlango kwa sababu mama alichukia ule mlio.

Haya. Nafika kwa Khalfan.

Khalfan ni rika langu, alikuwa karani wa serikali Ibra, mwembamba, mwenye haya mpaka akinunua mkate anaomba radhi. Akaposewa binti wa Pemba, Zuwena. Picha zilishakwenda na kurudi. Lakini wazee wa Zuwena walitaka wamsikie sauti, kwani picha haionyeshi kigugumizi. Wakaja dukani, Khalfan na ami yake Hamed. Ami Hamed akachukua upande wa kwanza wote, dakika thelathini, kuwasalimia watu arobaini na mmoja kwa majina, na hali zao, na magoti yao. Upande wa pili ukawa wa Khalfan.

Nilikaa mbele yake nikiwa nimevaa visikilizio vya masikioni. Nikamwonyesha kidole: sema. Akakohoa mara mbili. Kisha akasema maneno haya, na ninayajua kwa moyo:

"Assalamu alaykum. Mimi ndiye Khalfan. Nipo Ibra. Ninayo friji. Ina milango miwili. Wa juu unagandisha. Ukitia maji asubuhi, adhuhuri barafu. Ndani ina taa. Ukiifungua inawaka. Ukiifunga... nadhani inazimika. Sijui, maana inakuwa imefungwa."

Aliendelea na friji dakika ishirini na sita na nusu. Alieleza droo ya mboga. Alieleza miguu yake ya mbele, kwamba inazungushwa ukitaka kuisawazisha. Mwisho akasema, "Basi, wassalamu," akainuka, kanzu imelowa jasho mgongoni. Akaniambia, "Fundi, malizia," akatoka.

Nikaweka rula. Dakika tatu na nusu. Nikaweka wimbo wa nguzo, nikafunga kaseti, nikaandika jina. Sikufikiri hata kidogo.

Zuwena alikubali. Alikuja Ibra. Na siku ya tatu ya ndoa Khalfan akaja dukani mbio, uso umemshuka.

"Nasor, ulitia nini katika ile kaseti?"

"Ulichosema."

"Na baada ya nilichosema?"

"Wimbo. Palibaki nafasi."

"Anataka nimwimbie. Anasema, 'Niimbie wimbo wako.' Anasema kaka zake walipomaliza kusikia friji walikuwa wanacheka chini, babake ameshasema huyu hapana, na halafu ukaja wimbo. Yeye amesoma, amefahamu maneno. Akasema, mtu aliyechagua wimbo huu ana kitu ndani, ila ana haya. Akawaambia, mimi namtaka huyu." Akashika kichwa. "Mimi huo wimbo siujui."

Nikamwandikia maneno yote kwa herufi za Kiarabu ili aweze kuyatamka. Akayahifadhi katika chumba chetu cha nyuma, jioni nne mfululizo. Mzee Seif akasema hajapata kusikia mtu anaimba mapenzi kwa sura ya mtu anayeng'olewa jino. Na tangu hapo, kila Idi, kila mtoto akizaliwa, kila siku ya ndoa yao, Khalfan anauimba. Zuwena akawa mwalimu wa Kiingereza katika skuli ya wasichana, na kwa wimbo huo huo akawafundisha nusu ya wanawake wa mji huu kuhesabu nguzo kwa Kiingereza. Na Khalfan haupendi. Aliniambia mara nyingi. Anasema kama yule mtu angeajiri vibarua, uzio ungekwisha wiki moja na sisi sote tungepumzika.

Mwaka huu binti yao Rahma alinipigia simu.

"Shikamoo, Ami Nasor."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunawafanyia wazee sherehe shambani. Mama anayo ile kaseti. Anataka isikike, yote, upande wa baba. Na anataka wewe ndiye useme ilivyokuwa siku ile, kwa sababu ulikuwapo. Anasema, 'Nasor hajui kusema uongo, hata ukimuuliza nguo imekupendeza.'"

Kabla sijajibu barabara, Khalfan ameshafika nyumbani kwangu. Nikammiminia kahawa. Hakuinywa.

"Nasor, sisi ni rika, shikamoo haikustahili," akasema, "lakini leo ningekupa. Utasema nini?"

"Nitasema ilivyokuwa."

"Yaani vipi?"

"Kwamba kaseti ilibaki nafasi ya dakika tatu na nusu."

"Ya Rabbi. Mtu anaulizwa mapenzi, anajibu nafasi." Akaweka kikombe chini. "Yule mwanamke alimwacha mama yake, aliacha karafuu na bahari, akaja hapa penye mawe, kwa sababu ya wimbo ule. Nikisema sikuuchagua mimi, nimebaki na nini? Atasema, nimekaa Ibra umri wangu wote kwa kosa la fundi."

"Si kosa. Kilikuwa kipimo sahihi."

"Nasor."

"Sikiliza. Niliandika jina juu ya kila kaseti miaka kumi na mitano, na sikuandika taarab pasipo na taarab. Sitoanza leo."

"Basi usiseme uongo. Sema kidogo."

Nikamwahidi hilo: nitasema kidogo. Usiku na mchana nikatunga sentensi moja, nikaiandika katika daftari, nikaipima kila neno: "Wimbo ule ulitiwa siku ile ile, katika chumba kile kile, baada ya Khalfan kusema malizia." Kila neno kweli. Nikamsomea kwa simu. Akaniambia nimsomee tena.

Kaseti yenyewe ilikuwa na hali mbaya. Kile kipande cha sufi kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha mashine kilikuwa kimeanguka, kama kinavyoanguka katika kaseti zote za umri huo. Msiipige kaseti ya zamani kabla ya kukitazama. Bila hicho sauti inakuwa kama mtu anazungumza ndani ya mtungi. Nilitoa kingine katika kaseti ya mafunzo ya kompyuta, nikakibandika kwa kibano. Nikaizungusha mbele na nyuma mara moja ili tabaka ziachane. Nikasafisha kichwa kwa spirti. Nikainakili kwenye simu kabla ya kufanya lolote jingine, na nyinyi fanyeni vivyo hivyo, kwanza nakala, mapambo baadaye.

Tukafika siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri, shambani kwao Ibra, mikeka chini ya mitende, halwa imekaa katikati, wajukuu wanakimbilia mfereji wa falaji na kurudishwa. Nilifunga spika mbili tu. Zuwena alikaa kwenye kiti, Khalfan kiti cha pili, kofia yake mpya. Nikapiga kaseti.

Friji ikaanza. Wajukuu walitulia mpaka kwenye taa. Aliposema "sijui, maana inakuwa imefungwa", mmoja akaanguka juu ya mwenzake. Mpaka tunafika droo ya mboga watu wazima walikuwa wanafuta macho. Rahma alikuwa ameficha uso katika mtandio. Khalfan anatazama vidole vyake. Kisha "Basi, wassalamu", sekunde mbili, na mkulima akaingia. Watu wakatulia. Nilitazama saa yangu: kasi sahihi. Hata mimi, ninayeujua kama msumari unavyoijua nyundo, niliusikia vizuri siku ile.

Ukakwisha. Zuwena akaniashiria.

"Haya, Nasor. Mbele ya wote. Ilikuwaje?"

Nikachukua maikrofoni. Nikasema sentensi yangu, polepole, kama ilivyoandikwa.

Zuwena amefundisha wasichana miaka ishirini na tano. Anajua mtoto aliyehifadhi jibu.

"Vizuri," akasema. "Na nani aliyeuchagua?"

Nikamtazama Khalfan. Khalfan akatazama halwa.

"Mimi," nikasema.

Spika zilikuwa nzuri. Neno lile lilisikika mpaka barabarani.

"Wewe," akasema Zuwena. "Kwa nini?"

"Ulikuwa dakika tatu na sekunde ishirini na mbili. Nafasi ilikuwa dakika tatu na nusu."

Hapana aliyecheka. Ami mmoja upande wa nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe Nasor ndiye aliyeposa," na mkewe akampiga kwa upepeo. Mimi nilitamani mfereji unichukue.

Zuwena akageuza kiti chake, kizima, akamtazama mumewe.

"Kwa hiyo wewe yako ni friji tu."

"Friji tu," akasema Khalfan.

"Umeniimbia miaka yote hii."

"Uliniomba."

"Na unaupenda?"

"Siupendi hata kidogo."

"Sasa katika maneno yote ya duniani, Khalfan, msichana yuko Pemba anasubiri kusikia sauti yako, ukaona umwambie friji. Dakika ishirini na sita. Niambie kwa nini."

Nikampelekea maikrofoni, kwa mazoea tu, mtu akitaka kusema namsogezea. Akaishika kwa mikono miwili.

"Ami Hamed aliniambia umezoea maji ya kisima, ya baridi, na kwamba huko nyumbani unaweka mtungi dirishani usiku ili asubuhi mama yako anywe baridi. Huku maji ya bomba yalikuwa moto, unaweza kupikia chai. Nikaona atakuja mtu, atakunywa nini? Nikanunua friji kabla ya kitanda. Nyumba nzima nilikuwa na vitu viwili, friji na godoro." Akaisogeza maikrofoni karibu. "Sasa ningesema nini, Zuwena? Babako anasikiliza. Kaka zako wanasikiliza. Godoro ningelitajaje?"

Zuwena alianza kucheka bila sauti, mabega tu. Kisha sauti ikatoka. Alicheka mpaka Rahma akaja na maji, na akayakataa kwa mkono. Watu wote shambani wakachukuliwa, hata wale ambao hawakusikia godoro. Khalfan peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameishika maikrofoni, anamtazama, anasubiri hukumu.

"Na mengine?" akasema Zuwena alipoweza. "Lazima yalikuwapo na mengine usiyoweza kuyasema."

"Yalikuwapo."

"Babangu ameshafariki, Mungu amrehemu. Sema."

Khalfan akainua maikrofoni mpaka kinywani. Masikio yamemwiva. Wajukuu wamesogea wote.

"Nasor," akasema Zuwena bila kugeuka, "zima hiyo."

Nikazima. Khalfan akamwinamia sikioni. Alizungumza kwa muda. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikutazama saa. Niliona tu mkono wa Zuwena umekuja juu ya goti lake na umebaki hapo.

"Ami Nasor," wajukuu wakalalamika, "hatusikii kitu, spika zimeharibika."

Nikawaambia spika nzima, hazina hitilafu yoyote.